Gemu Haikuiua Televisheni ya Mama Oliva

Juzi hapa mtaa wa Ramadhani, Njombe mjini, nilikuwa nimekaa nje ya duka la vipuri nikisubiri kuletewa betri za redio yangu. Ndani nikamsikia fundi kijana akimwambia mama mmoja, "Mama, hii TV imeuliwa na gemu. Waambie watoto waache." Hakuwa ameifungua. Hakuwa ameuliza inakaa nyumba gani, inapata umeme wa namna gani, imeanza lini. Skrubu za nyuma zilikuwa bado na vumbi lake. Mama yule akaitikia kinyonge, akamshika mwanawe sikio, akamvuta mbele ya watu mpaka barabarani.

Ninyi vijana mnaojifunza ufundi, nawaandikia nikiwa na hasira na sitaki kuificha. Maneno ya fundi yule nayajua. Niliyasema mimi mwenyewe huko Makambako kabla yeye hajazaliwa, tena kwa sauti ileile ya mtu anayejua. Nataka mjue yalifanya nini.

Nimetengeneza televisheni tangu zile nyeusi na nyeupe za kutumia betri ya gari, zikaja za rangi zenye sanduku la mbao, zikaja za plastiki zenye chogo refu nyuma, mpaka zilipofika hizi bapa zinazotundikwa ukutani kama kalenda. Hapo nikafunga meza yangu. Nina elimu ya kidato cha nne, ambayo ilinisaidia kusoma michoro, lakini kazi nilifundishwa na Kastori, fundi wa Njombe, Mungu amrehemu. Kastori hakuwa mtu wa maelezo. Siku niliyoshika kofia ya mpira iliyo mgongoni mwa kioo, televisheni ikiwa imezimwa na waya wake umechomolewa, nilirushwa nikaangukia rundo la redio za watu. Yeye hakuinuka kwenye kigoda chake.

"Mmeshasalimiana?" akauliza. "Haya, sasa toa umeme uliobaki, tuendelee."

Televisheni ya chogo ikizimwa haijalala. Inakaa na umeme wake kwenye kioo kwa muda mrefu, inakusubiri. Ukiigusa, gusa kwa mkono mmoja, mwingine utie mfukoni. Nawaambia kwa sababu bado zipo, zimejaa stoo za watu, na wanunuzi wa vyuma chakavu wanazivunja kwa nyundo ili wapate shaba, wakivuta vumbi lake bila hata kitambaa puani. Hilo nalo linanikasirisha, ila tuliache.

Gemu za kwanza zilipofika kwetu zilikuja na wafanyabiashara wa Tunduma. Kilikuwa kisanduku cha plastiki chepesi sana, pedi mbili, kaseti moja ya rangi ya njano, na mara nyingine bunduki ya bandia. Hakikuwa na pa kuchomeka kama mnavyochomeka leo. Ulichomoa waya wa antena, ukaingiza waya wa gemu, kisha ukaanza kuitafuta chaneli kwa kuzungusha kitasa polepole katikati ya chenga. Watoto walikaa nyuma yako hawapumui. Ikitokea picha, wote walisema "hapo, hapo, hapo," nawe tayari ulikuwa umeshapita.

Mara nyingi picha ilikuja na sauti ikagoma. Mashine zile zilitengenezwa kwa ajili ya nchi zenye mawimbi mengine, kwa hiyo ilibidi kufungua televisheni na kuzungusha kidogo koili ya sauti. Hapo niliharibu kazi za watu. Nilitumia bisibisi ya chuma, na ndani ya koili mna kipande cheusi kinachovunjika kama biskuti. Nilivunja cha mwalimu mmoja, nikavunja cha mwenye baa, nikaenda Njombe kumlilia Kastori. Akatoka nje, akarudi na kipande cha mwanzi, wa mianzi hii hii tunayogema pombe ya ulanzi, akachonga bisibisi nyembamba kama njiti. Ile ilizungusha koili bila kuivunja na bila kuivuruga. Niliitumia mpaka ikawa laini kama mfupa wa kuku.

Na ile bunduki. Mwaka huu kijana mmoja ameniletea moja, ameikuta kwa babu yake, amelalamika kwamba kwenye TV yake bapa hailengi hata ndege mmoja. Amefungua bunduki, amebadilisha waya, ameunga maungio upya kwa risasi ya kuchomelea. Nikamwambia bunduki haina kosa. Ile bunduki hairushi kitu, inatazama. Ukivuta kifyatuo, kioo kinawaka weupe kwa nukta moja, na bunduki inauona weupe huo wakati uleule. Kioo cha zamani kilichora picha papo hapo. Hizi bapa zinachelewa kidogo, jicho lako haliligundui hilo, ila bunduki inaligundua. Kijana akanitazama kama namtania. Nikampeleka kwenye televisheni yangu ya chogo, akaua ndege mpaka akasahau kuaga.

Sasa nakuja kwa Mama Oliva.

Aliishi Makambako, nyuma ya soko. Mumewe, Festo, alikuwa dereva wa lori la kukusanya majani ya chai Lupembe, akaugua kifua, akafariki, akamwachia watoto wadogo, nyumba ya vyumba vitatu na televisheni ya rangi ya inchi ishirini yenye sanduku la mbao. Mama Oliva alikuwa mshonaji, lakini macho yalikuwa yameanza kukataa sindano. Akafanya jambo ambalo mtaa mzima ulimcheka: akabadilishana cherehani yake na mfanyabiashara wa Tunduma, akapewa mashine ya gemu na bunduki. Chumba cha mbele akaweka mabenchi. Watoto wa shule, makondakta, wapakia mizigo, wote wakaja kucheza kwa zamu. Akauza na chai na viazi vya kuchemsha. Waliomcheka wakaanza kuja kumwomba chumvi kwa adabu.

Nyumba ile ilikula kwa televisheni ile. Hilo lishikeni.

Siku moja akaniletea kwenye toroli. "Fundi, mchana picha inajikunja. Inasinyaa pembeni, inaacha weusi kulia na kushoto. Wateja wanasema wanaonewa."

Nikaiweka mezani, nikaiwasha asubuhi, nikaiwasha mchana. Ilikuwa nzima. Picha ilijaa kioo chote. Nikapima hiki na kile, nikasafisha vumbi, sikuona ugonjwa. Alipokuja kuichukua alifuatana na mdogo wa marehemu mumewe, Engelbati, aliyetoka Wanging'ombe kumsaidia kubeba. Ndivyo alivyosema yeye, kwamba amekuja kusaidia kubeba.

Nilipaswa kusema, "Sijaona kitu, nitakuja kuitazama huko nyumbani." Ni sentensi fupi na haina aibu. Lakini sisi mafundi tulikuwa na sentensi yetu ya kufungia mazungumzo, iliyomaliza kila ugonjwa tusioujua na ambayo haikumgusa fundi. Nikaisema.

"Haina shida kubwa. Ni gemu tu. Gemu inaua TV. Ipumzisheni."

"Rudia, fundi," akasema Engelbati.

"Gemu inaua TV."

Akatabasamu, akamtazama shemeji yake. Mama Oliva aliinama akashika upande wake wa televisheni. Mimi nikachukua kazi nyingine.

Wiki chache baadaye alirudi peke yake, akasimama mlangoni bila kuingia.

"Kamwene, fundi."

Nikaitikia salamu hiyo ya Kibena, nikamkaribisha. Hakukaa.

"Wameniitia kikao cha ukoo Jumapili. Shemeji anasema naiua mali ya marehemu kwa gemu, anataka ikahifadhiwe kwa mama mkwe wangu Wanging'ombe mpaka watoto wakue. Nikamuuliza nani kakwambia inakufa. Akasema fundi. Shahidi wao ni wewe."

Nikamwambia nitakuja Jumamosi kwanza, niione ilipo. Hapo ndipo nilipofanya kazi niliyopaswa kuifanya mwanzo.

Televisheni ilikuwa pembeni, karibu na jiko la mkaa, kwa sababu ya baridi yetu ile ya mwezi wa sita. Juu yake kulikuwa na kitambaa cheupe cha kufuma kilichoshuka mpaka nyuma na kuziba matundu yote ya hewa. Hapo hapo nikakitoa, nikamwambia kioo ukipambe utakavyo lakini mgongo uache upumue. Tukawasha. Picha ilijaa vizuri, watoto wakaanza kupiga ndege. Tukanywa chai. Baada ya saa za chakula nikasikia mngurumo kutoka nyumba ya tatu, taa ya chumbani ikafifia, na pale kwenye kioo weusi ukaingia kutoka pande mbili kama mapazia.

"Huo mlio ni nini?"

"Mashine ya kusaga. Watu wakishatoka sokoni ndiyo wanasaga."

Nilitaka ardhi inimeze. Mashine ya kusaga ilivuta umeme wa mtaa mzima, na televisheni ilikuwa inapata nusu shibe. Ndiyo maana kwangu mezani ilikuwa nzima: mtaa wangu haukuwa na mashine. Ilihitaji stabilaiza tu, kile kisanduku cha kuinua umeme ukishuka. Nilikuwa nayo moja dukani imekaa bure.

Vijana, ugonjwa wa kifaa mara nyingi haukai ndani ya kifaa. Unakaa kwenye nyumba. Nenda ukaione nyumba.

Jumapili baada ya misa watu walijaa chumba cha gemu, wamekalia mabenchi yale yale ya wateja. Aliyeongoza alikuwa Mzee Yeremia, baba mkubwa wa marehemu, mtu wa koti refu na maneno machache. Engelbati alikaa kulia kwake. Mama mzazi wa marehemu, bibi mdogo wa umbo aliyejifunga vitenge viwili kwa baridi, aliketi mbele kabisa kwa sababu hasikii vizuri. Mama Oliva alikaa chini, kwenye mkeka, karibu na mlango wa jikoni.

"Fundi," akasema Mzee Yeremia, "ulisema gemu inaua televisheni?"

"Nilisema, mzee. Nilikosea."

Engelbati akacheka kidogo puani. "Kakosea lini, baba? Alipokuwa dukani kwake na vifaa vyake, au leo baada ya kunywa chai ya shemeji?"

Watu wakacheka, nami nilistahili. Nikasema siombi waniamini, naomba watazame. Nikawasha televisheni, nikaweka kaseti ya ndege. Nikataka mtu wa kucheza, asiwe mtoto wa nyumba ile wala mimi. Hakuna aliyejitokeza. Wazee walitazama viatu vyao. Kisha bibi akanyoosha mkono.

"Lete hiyo bunduki."

"Mama, acha," akasema Engelbati.

"Wewe nyamaza. Hao ndege ndio wanaomaliza ulezi wangu shambani."

Akaishika kama anashika mpini wa jembe. Ndege wa kwanza akapita. Wa pili akapita. Oliva mwenyewe, binti wa kwanza wa nyumba ile, akamwambia bibi afumbe jicho moja. Akafumba yote mawili, akafyatua, ndege akaanguka. Chumba kizima kikapiga kelele, hata Mzee Yeremia aliondoa mkono kwenye kidevu.

"Nimempata?"

"Umempata, bibi."

"Mwingine yuko wapi?"

Akaendelea. Na kwa kuwa siku hiyo wengi walitaka unga wa wiki, mashine ya kusaga ikaanza kama nilivyotarajia. Taa ikafifia, picha ikasinyaa.

"Mnaona," akasema Engelbati akisimama. "Inakufa mbele ya macho yenu."

Nikatoka, nikaenda kwa mwenye mashine, nikamwomba azime kwa dakika chache. Nikarudi, picha imejaa. Nikamtuma kijana akamwambie awashe, picha ikasinyaa. Kisha nikafunga stabilaiza niliyokuja nayo, na mashine ikinguruma vilevile, picha ikajaa kioo mpaka pembeni. Nikawaambia ukweli wote, hata ule usionipendeza: kwamba ukiiacha picha moja imesimama siku nzima bila kuzima, inaweza kuacha kivuli chake kwenye kioo, na kwamba dawa yake ni kuzima unapokwenda kula. Gemu haina kosa lingine. Televisheni ilikuwa nzima, na kwa matunzo ya mama huyu ingekaa miaka mingi.

Nilikaa chini nikijiona nimefanya kazi. Nilimtazama Mama Oliva nikitarajia shukrani. Alikuwa ananitazama kwa namna ambayo sikuielewa.

Mzee Yeremia akawanong'oneza wawili watatu. Engelbati alinong'ona kuliko wote. Kisha mzee akasema, kwa upole kabisa, "Tumshukuru fundi, ametutoa gizani. Sisi tulidhani ni kitu kinachokufa. Kitu kibovu tungemwachia mjane, kingetusaidia nini. Lakini kumbe ni kizima na kitakaa miaka. Kitu kizima ni mali ya watoto wa marehemu, na watoto ni wa ukoo. Basi kikakae kwa bibi yao huyu hapa, mpaka wakue. Gemu ni yake mjane, aliinunua mwenyewe. Hatumdhulumu."

Mniambie ninyi mliosoma kuliko mimi, hayo ni maneno gani? Kikiwa kibovu ni chake, kikiwa kizima ni chao. Na walitikisa vichwa, watu wazima, waliotoka kupokea komunyo asubuhi ile ile, kana kwamba wamesikia hekima. Wanakupokonya chakula cha watoto kwa jina la watoto, na wanakushukuru.

Nikasimama. "Mzee, nyumba hii inakula kwa televisheni hii."

"Fundi," akasema, "ulichoitiwa umekimaliza."

Bibi alikuwa ameshika bunduki bado. "Wamesemaje?" akamuuliza Oliva. Oliva akaipokea bunduki mkononi mwake.

Kisha kikaletwa chakula. Nilipewa firigisi, kwa heshima, kama mgeni wa maana. Sikuwa na njaa, lakini kuikataa kungekuwa matusi, na pale sikuwa na ujasiri hata wa tusi moja. Nikala. Nikiwa natafuna, Engelbati na mwenzake walipita mbele yangu wamebeba televisheni, na stabilaiza yangu wakaiweka juu yake.

Siku hizi kuna ofisi ya kata, kuna mahakama, kuna wasichana waliosomea sheria wanaoelekeza wajane bure. Sheria ilikuwepo hata wakati ule. Hakuna kati yetu aliyeinua mguu kuitafuta, na mimi niliyejua kusoma nilikuwa wa kwanza kustahili lawama. Nililaumiwa na mtu mmoja tu, na alikuja dukani keshokutwa yake.

"Fundi, ungesema imekufa," akasema Mama Oliva.

"Ningekuwa nimedanganya, mama."

"Na mara ya kwanza hukudanganya?"

Nilipotakiwa kusema kweli nilisema uongo kwa uvivu, na siku uongo ungemfaa mtu nikawa msema kweli mbele ya hadhara, na kujisifu moyoni.

Nilikuwa na televisheni ndogo nyeusi na nyeupe, inchi kumi na nne, niliyoiunganisha kutoka mizoga mitatu. Nikampelekea. Akaitazama kama mtu anayetazama mbuzi mgonjwa, akasema iingizwe. Ndege wakawa kijivu, mbingu kijivu, nyasi kijivu. Makondakta wakamtania kwamba kwake ndege wamevaa sare ya shule. Wengi wakahamia banda jingine lenye rangi. Yeye akaongeza viazi, akaongeza maharage, akafungua mapema na kufunga usiku. Oliva alianza kuuza karanga stendi baada ya vipindi vya shule, kisha akaacha vipindi. Hilo nalo liandikeni kwenye hesabu ya sentensi yangu.

Na televisheni ya rangi ilikuwa wapi? Niliiona kwa macho yangu nilipokwenda Wanging'ombe kwenye msiba. Kijiji kile hakikuwa na umeme bado. Imekaa sebuleni kwa Engelbati, si kwa bibi, imefungiwa kitambaa, juu yake picha ya harusi yake. Wageni wanaisifu. Bibi akanishika mkono akaniuliza wale ndege wamekwenda wapi. Nikamwambia wako Makambako, na nikamtazama Engelbati. Alijifanya anahesabu viti.

Umeme ulipofika kijijini kwao, Engelbati alikuja kwangu na televisheni kwenye pikipiki ya miguu mitatu. Akaiweka mezani, akafuta vumbi kwa kiganja.

"Nimeiwasha jana mara ya kwanza, haitoi hata mlio. Ni ile gemu ya shemeji, fundi. Ilishaiua tangu Makambako, wewe ulituambia mwanzo ukageuka."

Nilifungua nyuma. Kumbe panya walizaa humo. Walikata nyaya, wakajisaidia juu ya bodi, unyevu ukafanya kazi yake kwenye kila mguu wa kila kipuri. Kulikuwa na kiota kizuri kabisa nyuma ya kioo. Wateja wangu wawili waliokuwa pale wakachungulia, wakaanza kucheka.

"Hii ndiyo gemu?" mmoja akauliza.

Engelbati hakucheka. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba hana haja ya kuitengeneza, anataka kuiuza, na kwamba nimwambie shemeji yake kama bado anaitaka aje waelewane bei. Alitaka kumuuzia mjane televisheni ya mume wake. Alilisema hilo bila haya, huku akikuna sikio.

Sikumtuma mtu. Nilimwacha dukani na wateja, nikaenda mwenyewe nyuma ya soko. Mama Oliva alikuwa anamenya viazi. Nikamweleza yote, panya, unyevu, bei. Nilidhani atalia au atatukana. Aliosha mikono, akafuta kwenye kanga, akafuatana nami. Tulipoingia dukani Engelbati alisimama.

"Shemeji, za siku."

"Nzuri. Imekufa?"

"Haijafa, ni hitilafu ndogo. Fundi anaweza."

"Nilimuuliza fundi." Akanigeukia. Hakunikonyeza, hakunipa ishara yoyote. "Imekufa, au haijafa?"

Nilitazama bodi. Nilijua mambo matatu kwa hakika: kioo kilikuwa salama, nyaya zinabadilishwa, bodi inaoshwa. Nilijua pia kwamba wakati ule, ilivyokuwa pale mezani, haikuwa inaonyesha kitu wala kutoa mlio.

"Imekufa," nikasema.

"Mmesikia?" Mama Oliva akawauliza wale wateja wawili. "Ukoo ulikaa kikao kwangu, na Mzee Yeremia akasema kitu kibovu ni cha mjane. Shemeji alikuwepo. Alitikisa kichwa."

"Shemeji, mambo hayo yalikuwa ya siku ile."

"Basi kaitishe kikao kingine. Waambie umekuja kuniuzia mzoga. Nami nitakuja, na bibi nitamleta."

Mmoja wa wale wateja alikuwa ameshaziba mlango kwa mgongo wake, bila kuambiwa. Engelbati alitazama televisheni, akanitazama mimi, akachukua kofia yake. Alipopita aliniambia kwamba mimi ni fundi muongo. Nikamwambia amechelewa kulijua.

Mama Oliva alikunja mikono ya blauzi, akashika upande wa nyuma, wa plastiki na nyaya. Akaniambia nishike, twende nayo kwake, nikaitengenezee huko. Mimi akaniachia upande wa kioo, ambao ndio mzito.